Ngitili ya Baba

Wajukuu wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba bibi yao alishika kadi ya chama siku za mwanzo kabisa, wakati wanaume wengi wa Kishapu walikuwa bado wanachungulia kutoka nyuma ya mazizi. Wageni hunipa mkono, wengine hunipigia makofi. Mimi huwaacha wapige. Nikianza kusimulia yote chai itapoa, na wajukuu watasema bibi ameanza tena. Ndiyo maana nimeona niandike. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Miaka ile ya mwisho ya hamsini chama cha kudai uhuru kilikuwa ndiyo kwanza kimeruhusiwa kwetu. Kwa muda mrefu serikali ilikuwa imekifungia Usukumani, tukawa tunanong'ona tu kisimani na kwenye foleni ya kupima pamba. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka mgodini Geita, alikokaa miaka minne akichimba dhahabu ambayo hakuruhusiwa hata kuishika vizuri. Alirudi na baiskeli, kofia ngumu ya mgodini na maneno mengi. Kule alilala bweni moja na watu wa kila kabila, akajifunza Kiswahili kilichonyooka, akajifunza na kukasirika kwa mpangilio. Zamani hasira zake zilikuwa za kurusha vyombo; sasa zilikuwa na sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilimpenda sana alivyorudi. Naliandika hili mapema msije mkadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Tawi letu lilikuwa na viti vitatu na cherehani moja. Cherehani ilikuwa ya mwenyekiti, fundi nguo, Mwislamu kutoka Tabora, mtu mpole aliyesikiliza huku anashona. Ukisema upuuzi, mguu wake ulianza kukanyaga kwa nguvu mpaka sauti yako ikamezwa. Mume wangu alikuwa katibu. Mimi nilikuwa mpishi wa mikutano, na kwa kuwa nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni na hati ya mume wangu ilikuwa kama kuku amekanyaga majivu, nikawa pia mwandishi wa barua. Cheo hicho hakikuandikwa popote.

Mwezi wa sita, pamba ikiwa imeshavunwa, walikaa barazani kwa fundi kuchagua mambo ya kusema kwenye kampeni. Wilaya yetu ilikuwa inakwenda kuchagua wajumbe wa baraza, na mume wangu alikuwa anagombea dhidi ya mtu wa upande wa mtemi. Malalamiko yalikuwepo tele. Watu walikuwa wamechoshwa na amri ya kupunguza mifugo, kila mwaka ng'ombe wako watolewe mnadani utake usitake. Walikuwa wamechoshwa na matuta, bwana shamba anapita na kijiti chake, akiona umelima vibaya unalala ndani. Ukisimama popote ukataja mambo hayo mawili, wachungaji na wakulima walikuwa wanaruka juu.

"Tatizo," mume wangu alisema, "wanaoruka hawana kura."

Ndivyo ilivyokuwa. Kura walipewa waliosoma sana, wenye kipato kikubwa, na wenye vyeo vya utawala. Kwetu waliosoma sana walihesabika kwa vidole, na wenye kipato walikuwa wenye maduka. Waliobaki walikuwa wanangwa, wale wakuu wa vijiji walio chini ya mtemi. Hao ndio waliokuwa wakisimamia amri ya matuta na mnada. Hao ndio wapinzani wetu. Na mmoja wao alikuwa baba yangu mzazi.

Kijana mmoja wa kamati akasema tuongeze jambo la tatu. Tuseme majani ni ya watu wote. Wachungaji wadogo wasio na malisho wangetufuata mpaka mwisho wa dunia.

Fundi akakanyaga cherehani. Mimi nilikuwa nagawa ugali, lakini nikaweka sinia chini.

Lazima nieleze ngitili ni nini kwa wasiokulia kwetu. Mvua zinapokwisha, Kishapu yote hugeuka kuwa vumbi. Kwa hiyo mwenye ng'ombe anayejitambua hutenga kipande cha ardhi yake, hachungi humo wakati wote wa mvua, majani yanasimama mpaka kiunoni, yanakauka yakiwa yamesimama. Ikifika miezi ile mibaya, ya tisa na ya kumi, anafungua kidogo kidogo kwa ndama, maksai na ng'ombe wenye maziwa. Hakuna ukuta wala waya. Kinacholinda ngitili, zaidi ya vijana wawili watatu wa kufukuza ndama, ni kwamba watu wote wanajua ni ngitili. Ya baba ilikuwa kubwa kuliko zote upande wake, na ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu walikuwa wanakula humo.

"Mkisema majani ni ya wote," niliwaambia, "mtapigiwa vigelegele na watu wasio na kura, na hamtampata mwanangwa hata mmoja."

"Sasa wewe ungefanyaje?" mume wangu akauliza, anatabasamu. Alipenda kunichokoza mbele ya watu.

Nikawaambia kuhusu ngoma. Kwetu baada ya mavuno kuna Bagika na kuna Bagalu, vikundi viwili vya wachezaji visivyopatana tangu enzi za mababu. Wanacheza siku moja, uwanja mmoja, kila kikundi na duara lake. Hakuna hakimu. Anayeshinda ni yule mwenye watazamaji wengi zaidi, na watazamaji wana miguu, wanakimbia huku na kule kutwa nzima. Baba yangu alikuwa kiongozi wa Bagalu ujana wake, na mimi nilikulia pembeni mwa duara lile. Niliona kwamba kiongozi mjinga anaimba nyimbo za kuwafurahisha walio wake tu, wanapiga kelele mpaka wanakauka koo, na idadi yao ni ile ile. Kiongozi mwerevu ana nyimbo mbili. Wa kwanza ni wa kuwasha moto wa nyumbani. Wa pili ni wa kuvuta, nao hautukani upande wa pili hata kidogo. Unasifu kitu ambacho wale wa upande wa pili wanakipenda, mpaka mmoja anasogea, kisha wa pili, kisha mgongo mzima wa duara unabomoka.

"Mifugo na matuta ni wimbo wa nyumbani," nikasema. "Wimbo wa kuvuta ni ngitili. Waambieni wanangwa kwamba chama kitaziheshimu. Wanaogopa kwamba mkishinda mtazifungua. Waondoleeni hofu hiyo, na watakuja."

Cherehani ilinyamaza. Fundi akasema, "Mama amesema." Mume wangu alicheka, akanipiga begani mbele ya wote kama mwanaume mwenzake, na mimi nilijiona mrefu kuliko nyumba. Sijawahi kujisikia vile tena.

Nikatumwa kwa baba. Ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nilimkuta anasuka kamba ya ngozi, nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

Alikuwa ananiita mayu, yaani mama, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Neno hili ni la nani?"

"Ni la mume wangu na la chama, baba. Lakini mimi ndiye niliyelisema kwanza."

"Basi aje alitembee."

Alikuwa na maana kwamba mume wangu aje azunguke mpaka wa ngitili kwa miguu yake, mbele ya majirani, kama wanavyofanya watu wakitaka kukubaliana kwamba hapa ni pako na pale ni pangu. Mume wangu alikuja. Aliacha baiskeli, akavua viatu, akatembea na baba mzunguko wote wakiwa na wazee sita nyuma yao, jua la saa sita likiwachoma. Walipomaliza baba alisema wabeja, asante, akampa mume wangu maziwa. Mimi nililia kwa furaha nyuma ya ghala. Nilikuwa nimeolewa na Mgika, baba yangu ni Mgalu, na kwa miaka saba watu wale wawili walikuwa wanasalimiana kama karani na mlipa kodi.

Baba akazungumza na wanangwa wenzake. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa saba waliosema wangekuja kwenye mkutano mkubwa na kuchukua kadi mbele ya watu.

Mkutano ule tuliufanya siku ya ngoma, mwezi wa nane, ili tusihangaike kukusanya watu. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, meza ya chama katikati. Baba alikuja na kanzu yake nyeupe na wenzake sita. Aliwaruhusu hata vijana wanaolinda ngitili waje waone. Nikamwona anatoa pesa yake, anapokea kadi kwa mikono miwili, uwanja mzima ukalipuka. Bagalu walipiga ngoma zao wenyewe kwa ajili ya chama, jambo ambalo wiki moja nyuma ungelisema ungechekwa. Nilimtazama mume wangu pale mezani nikasema moyoni, tumefanya kazi.

Akasimama kuhutubia. Alianza na mifugo, wakaruka. Akaja kwenye matuta, wakaruka tena. Nikasubiri ngitili. Nilijua maneno, kwa sababu niliyaandika mwenyewe.

"Na majani je?" akasema. "Nani aliyapanda? Mvua ilipokuja iliuliza hili ni shamba la nani? Tukishinda, ndugu zangu, majani ni ya watu wote!"

Mwanzoni nilidhani amekosea, kwamba jua limempiga, kwamba sasa hivi atajirekebisha. Alirudia. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu hakukuwa na haja ya kumalizia kwa sababu uwanja ulimalizia. Duara la Bagalu lilibomoka. Watu wa baba yangu mwenyewe, waliokunywa maziwa ya ng'ombe wake, walikimbilia meza ya mume wangu wakicheza.

Baba hakusimama. Mtu mzima wa kwetu haondoki mkutanoni mwenye mkutano akiwa bado anasema, nadhani ndilo lililomweka pale. Aliikunja kadi mara mbili, akaitia mfukoni, akaweka mikono juu ya fimbo yake. Hakugeuka kunitafuta. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yake na nilishindwa kuzitembea.

Kabla ngoma haijaisha, watu walikuwa wameshakwenda kuswaga ng'ombe. Hawakungoja tushinde uchaguzi. Walinzi walikuwa uwanjani, wanacheza. Walioshuhudia walisema ng'ombe waliingia kwenye ngitili ya baba kutoka pande zote nne, na kufika siku ya tatu ilikuwa imebaki mizizi na mavi. Majani yaliyotakiwa kufika mwezi wa kumi na moja yaliisha mwezi wa nane.

Nilirudi nyumbani sijui kwa njia ipi. Asubuhi nilianza kufagia, kwa sababu nikiwa na hasira hufagia, na nilipoishusha ile kofia ya mgodini kutoka kwenye msumari ili nifute vumbi, ikadondoka barua. Ilikuwa ya ofisi ya chama ya wilaya. Ilisema sheria ya kura imebadilika, sasa kila mlipa kodi atapiga kura, na wagombea wajipange upya. Ilikuwa imefika siku tisa kabla ya mkutano. Mimi nilikuwa nasoma barua zote za tawi. Hii moja tu hakunionyesha.

Nilimngoja akae anywe uji. Nikaiweka mezani.

"Baba watoto. Ulikuwa unajua."

Hakukana. Hilo namshukuru. Alikunywa uji kwanza.

"Mambo yalibadilika," alisema. "Wanangwa saba ni kura saba. Wachungaji sasa ni maelfu."

"Basi ungemwambia baba asije. Ungeniambia mimi nikamwambie asije."

"Asingekuja, Bagalu wasingekuja. Watu walitakiwa wamwone akichukua kadi."

"Ulitembea mpaka wake. Ulivua viatu."

Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniua. "Mama watoto, si wewe uliyetufundisha? Ulisema mshindi ni mwenye watu wengi. Wimbo wa kuvuta umemvuta, amekuja. Ulitaka nifanye nini, nikatae watu?"

Nilikuwa na kikombe, nikakirusha, kikampita. Miaka yote nilikuwa namcheka kwa hasira zake za kurusha vyombo.

Fundi alikuja mchana, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Akasema alijua kuhusu barua lakini hakujua mume wangu atasema nini. Nikamwambia alijua vya kutosha. Akaondoka, na mpaka leo sijui kama nilimwonea.

Tulishinda uchaguzi. Tulishinda vibaya sana, yaani yule wa mtemi alibaki na kura za ukoo wake na nadhani hata wao si wote. Mume wangu alibebwa mabegani kutoka sokoni mpaka nyumbani, na mimi nilipiga vigelegele kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Baadaye sana baraza lile lile, na yeye akiwa ndani yake, lilikuja kutoa amri kwamba kila kijiji kitenge majani ya kiangazi, na atakayeingiza ng'ombe atozwe faini. Alinisomea amri ile jioni kwa sauti, hata hakuona kitu.

Lakini kabla ya hapo ulikuja mwezi wa kumi, na mvua zilichelewa. Habari za baba zilinifikia kwa vipande. Ndama wamekwisha. Maksai wawili wameanguka kwenye mto mkavu. Anakata matawi ya miti kuwalisha. Nilituma mashudu ya pamba mara mbili kwa mkokoteni, mara mbili yakarudi yakiwa yamefungwa vile vile nilivyoyafunga. Kwenda mwenyewe niliogopa. Naandika ukweli: niliogopa, nikasema nina watoto, nikasema nina mikutano.

Mwisho wa mwezi akaja yeye. Ilikuwa asubuhi, uani kwetu kumejaa wageni waliokuja kumwona mheshimiwa. Baba aliingia akiswaga ng'ombe wanne ambao mifupa ya nyonga ilikuwa inataka kutoboa ngozi, na nyuma yao punda amebeba mzigo. Nilipiga magoti, nikamwamkia. Aliitikia. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

Alifungua mzigo. Zilikuwa ngozi. Kwetu ukiwa na ng'ombe wa mtu na wakafa, unampelekea ngozi ili asiseme uliwauza. Alizitandaza moja moja chini mbele ya mume wangu, polepole, na mimi niliwajua wote. Yule mwekundu mwenye paji jeupe. Yule mweusi aliyekatika sikio, niliyemkamua nikiwa mwali. Zilikuwa nane. Nane na wale wanne walio hai, kumi na wawili.

"Mkwe," baba alisema, "mahari yako hiyo. Hesabu."

Kila mtu pale alijua maana yake: mahari ikirudi, ndoa imefunguliwa.

"Baba," mume wangu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Geita alikosa maneno. "Baba, haya ni ya kuzungumza ndani."

"Sina la kuzungumza. Siwezi kukaa na ng'ombe wa mtu nisiowalisha."

Nikasimama. Nilikuwa nimeshaamua kabla sijajua kwamba nimeamua. "Baba, ningoje nifunge nguo zangu. Naondoka na wewe."

Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya ngoma. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile kadi, imekunjwa mara mbili kama alivyoikunja. Hakumpa mume wangu. Alinipa mimi.

"Mayu," alisema, taratibu, bila ukali wowote, "huyu mumeo sikumwamini hata siku moja. Nilimzungusha mpakani ili majirani waone, basi. Mimi nilikuja kwa sababu neno lilitoka mdomoni mwako."

Akamgeuza punda, akatoka bila kuningoja. Nilibaki nimesimama pale uani na kadi mkononi, na mume wangu akaniuliza ngozi zile tuziweke wapi.